Mteja anataka friji, pesa yake inatosha taa: muuzaji wa sola afanye nini?

SWALI: Ninauza vifaa vya sola dukani kwa mtu, hapa Mpanda. Mshahara ni mdogo, naishi kwa kamisheni. Amekuja mama kutoka kijijini na laki saba na nusu. Anataka taa nne, TV, kuchaji simu, na friji ndogo ya kuuzia soda na barafu. Bosi anataka nimpe "seti ya friji": paneli iliyoandikwa 300W, betri ya N100 (volti 12, ampia-saa 100) iliyokaa stoo muda mrefu, na inveta ya 1000W, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi. Najua friji haitafika asubuhi. Nikimwambia ukweli, atavuka barabara na duka la jirani watamuuzia seti ileile. Wajibu wangu kwake unaishia wapi?

JIBU: Ndugu, huwezi kujua wajibu wako unaishia wapi kabla hujajua seti hiyo itamfanyia nini huyo mama. Tuipige hesabu kwanza, tena kwa namna ambayo unaweza kuipiga mbele yake kaunta.

Taa nne za wati 5, saa tano kila usiku: wati-saa 100. TV ya DC (inayotumia umeme wa betri moja kwa moja) ya inchi 24, wati 25 kwa saa tano: 125. Simu tatu: 45. Jumla bila friji ni wati-saa 270 kwa siku. Sasa friji. Friji ndogo ya kawaida ya umeme wa TANESCO inavuta wati 80 hivi kompresa ikizunguka, na kwenye biashara ya soda, mlango ukifunguliwa kila mara na joto la mchana, kompresa itazunguka karibu nusu ya siku. Hiyo ni 960. Inveta nayo inapoteza sehemu, asilimia 15 hivi, na inakula wati 10 kwa kukaa tu imewashwa, saa 24. Friji peke yake inafika wati-saa 1,370. Taa, TV na simu zote pamoja ni 270. Mwonyeshe mama namba hizo mbili zikiwa zimeandikwa moja juu ya nyingine, kabla hujataja bei ya kitu chochote. Mteja asiyejua wati ni nini anaelewa papo hapo kwamba friji inakula mara tano ya vitu vingine vyote.

Upande wa paneli, kwa sehemu kubwa ya Tanzania ni salama kuhesabu saa nne na nusu za jua kamili kwa siku, halafu utoe asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi, waya na hasara ya betri. Kwa hiyo kila wati moja ya paneli inakupa kama wati-saa 3.15 za kutumia. Gawanya: 270 kwa 3.15 ni wati 86, yaani paneli ya wati 100 inatosha taa na TV. Ukiweka friji, mahitaji ni 1,640, na paneli inatakiwa iwe wati 520.

Na hiyo "300W" ya bosi? Chukua futi kamba uipime. Hata paneli nzuri za sasa, nyingi hazizidi wati 230 hivi kwa kila mita mraba ya kioo, na nyingi za madukani ni 200 au chini. Paneli yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 54 ina mita mraba 0.65. Hapo ni vigumu kupata zaidi ya wati 150, na kwa kawaida ni 130. Lebo haiwezi kuongeza kioo. Ukitaka uhakika zaidi, itoe nje saa sita mchana jua likiwa wazi, unganisha waya zake mbili kwa muda mfupi, pima mkondo kwa klampu mita ya DC, kile kipimo kinachobana waya kwa nje. Paneli ya kweli ya wati 300 kwa mfumo wa volti 12 ingetoa ampia zaidi ya 16. Hii itatoa 7 au 8. (Usitumie multimita ya kawaida, mwisho wake ni ampia 10 na utachoma fyuzi yake siku utakapopima paneli ya kweli.)

Kwa hiyo paneli ya mama itazalisha wati-saa 410 kwa siku, wakati friji mchana pekee, kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, inahitaji karibu 680. Maana yake betri haijai hata siku moja, inashuka mchana, na usiku inashuka tena. Na tuseme basi imejaa siku ya kwanza kwa sababu uliichaji dukani. N100 ya maji ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya risasi ukitaka idumu unatumia nusu yake, yaani 600. Ukianza saa kumi na mbili jioni na kila kitu kimewashwa, nusu hiyo inaisha saa sita kasorobo usiku. Inveta haitazima hapo. Nyingi za bei nafuu hujizima betri ikifika volti 10.5, na hapo betri imeshakamuliwa karibu yote. Ikikamuliwa hivyo kila usiku na isijae mchana, sulfeti inaganda kwenye sahani zake, na baada ya miezi michache betri inabaki boksi zito. Kama ni betri ya gari, mambo yanakwenda haraka zaidi, maana sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini.

Sasa tuje kwenye swali lako. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa nguo au mchele ni kweli: mteja anashika, ananusa, anajua. Kwenye sola paneli ya wati 130 na ya wati 300 zina kioo kilekile cheusi, na betri iliyokufa inalingana uzito na iliyo hai. Mama haoni anachonunua. Anakuona wewe. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba wajibu wa muuzaji wa vitu vya aina hii ni mkubwa kuliko wa anayeuza nyanya: chochote ambacho mteja hawezi kukiona, na ambacho kingebadili uamuzi wake kama angekiona, unapaswa kumwonyesha hata kama hakuuliza. Kumuuzia kimya hapo ni kudanganya, hata kama hukusema neno moja la uongo.

Sheria inakubaliana na hilo zaidi ya wauzaji wengi wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akikueleza kazi anayoitaka bidhaa na akategemea ujuzi wako katika kuichagua, bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Mama amesema friji. Ukimwandikia "seti ya friji", umejifunga. Na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Kusema "lebo sikuandika mimi" hakukusaidii sana ukishaipima paneli ukajua si ya kweli.

Hoja yako nzito ni ya jirani. Nakubali kwamba kumwambia tu "usinunue, haitafaa" hakumsaidii. Atatoka na hofu bila maarifa, na muuzaji mwenye maneno matamu atamchukua. Ila usimwache aondoke mikono mitupu. Mpe karatasi. Andika matumizi yake kwa siku, 270 bila friji na 1,640 na friji. Andika wati za paneli anazohitaji kwa kila hali. Andika kipimo: "Zidisha urefu kwa upana wa kioo kwa mita, kisha zidisha kwa 200, lebo ikizidi hapo sana, uliza." Andika umri na volti ya betri anayopaswa kudai. Mwambie aende nayo popote. Akivuka barabara na karatasi hiyo, jirani atalazimika kujibu maswali ambayo hajazoea kuulizwa, na mara nyingi mteja wa namna hiyo anarudi, kwa sababu ni wewe peke yako uliyeandika. Na asiporudi, umefanya kazi yako. Hukuajiriwa kuyajibia maduka yote ya Mpanda.

Halafu muulize maswali ambayo hayako kwenye karatasi ya bei. Soda ngapi anauza kwa siku sasa, bila baridi? Barafu ataiuza kwa nani? Nguzo za umeme za REA (Wakala wa Nishati Vijijini) zimefika wapi? Kama nguzo zimeshasimama kijiji cha jirani na mkandarasi yuko kazini, ushauri wa haki ni anunue mfumo wa taa tu, aweke akiba ya friji ya kawaida umeme ukifika. Utapoteza kamisheni ya inveta, ndiyo. Lakini usipouliza hilo, miezi sita baadaye atakuwa na deni na mfumo usio na kazi, na kijiji kizima kitajua mfumo huo ulitoka duka gani.

Kwa laki saba na nusu, mimi ningempa njia hii. Sasa hivi anunue mfumo wa taa na TV ulio sawasawa: paneli ya kweli ya wati 100, betri ya sola ya ampia-saa 100 iliyo hai (wati-saa 600 za kutumia zinambeba usiku mbili, hata siku ya mawingu), kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri), waya na fyuzi. Pesa itakayobaki asiimalize dukani kwako. Friji ije baadaye, na ikija iwe ya DC. Friji ndogo za DC zina kompresa inayotumia umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila inveta, na kwenye joto, nyingi hula kati ya wati-saa 300 na 500 kwa siku. Bei yake inatisha. Lakini fanya hesabu mbele yake: kwa 400, jumla ya nyumba ni 670, na paneli inayotakiwa ni wati 213. Friji ya bei rahisi inataka 520, na betri za ampia-saa 200 zisizo na akiba hata ya siku moja ya mawingu, na inveta inayotoa umeme wa wimbi laini, maana zile za wimbi la ngazi hupasha moto mota ya kompresa na kuifupishia maisha. Ukijumlisha vyote, friji rahisi ndiyo ghali.

Kwa kuwa anapanga kuongeza, mwambie achukue kontrola ya ampia 20 au 30 tangu mwanzo, tofauti ya bei ni ndogo kuliko kununua mara mbili. Mwambie pia jambo ambalo wauzaji hulificha kwa sababu linachelewesha mauzo: paneli unaweza kuongeza wakati wowote, betri huwezi. Ukifunga betri mpya sambamba na ya mwaka mmoja na nusu, ya zamani inaiburuza mpya hadi zichoke pamoja. Kwa hiyo kama ana hakika ya friji ndani ya mwaka, ni bora aanze na betri ya 150 sasa na asubiri TV.

Kontrola zenyewe zinahitaji jicho lako. Duka likiuza paneli kubwa ya seli 60, ya wati 270, kwa betri ya volti 12, lazima kontrola iwe MPPT, aina inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampia zaidi. Kwa PWM, aina ya bei nafuu isiyogeuza, paneli hiyo inatoa ampia zake 8.7 zilezile lakini kwa volti 13 za betri, yaani wati 113. Zaidi ya nusu ya pesa ya mteja inapotea juu ya bati. Na kuna kontrola nyepesi zilizoandikwa MPPT ambazo ni PWM tupu. Zipime: bana klampu mita kwenye waya wa paneli, kisha kwenye waya wa betri, jua likiwa kali na betri haijajaa. MPPT ya kweli itaonyesha ampia nyingi zaidi upande wa betri. Zikilingana, lebo ni ya uongo na wewe sasa unajua.

Kuna kuuza vibaya ambako hakuonekani kabisa, nako ni waya. Paneli inayotoa ampia 8, ikiwa mita 10 kutoka kwenye kontrola, kwa waya wa milimita 2.5 inapoteza volti 1.1 njiani. Kwa mfumo wa volti 12 hiyo ni karibu asilimia tisa. Waya wa milimita 6 unapoteza chini ya nusu volti. Muuzaji anayetaka seti yake ionekane rahisi hupunguza hapo, kwa sababu hakuna mteja anayeulizia unene wa waya. Usipunguze hapo. Na fyuzi karibu na chanya ya betri, sentimita 20 au 30, si kitu cha kuacha ili bei ishuke. Betri ya risasi ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampia, na nyumba ya makuti haisubiri.

Hapo ndipo ninapochora mstari kati ya kushauri na kukataa. Mama ni mtu mzima. Ukishamweleza, akaelewa, na bado akasema "mwanangu, mimi nataka friji, nitaizima usiku", muuzie anachotaka. Pesa ni yake, na huenda ana mpango ambao hukuuona. Watu wengi wanawasha friji saa za jua tu, wanagandisha chupa za maji, na chupa hizo zinashika baridi hadi asubuhi. Hilo linawezekana kama paneli ni kubwa vya kutosha. Andika tu kwenye risiti: "Friji: mchana pekee. Betri haikuhesabiwa kwa friji usiku." Mahali pa kukataa ni pawili. La kwanza, kitu cha hatari: mfumo bila fyuzi, waya mwembamba unaopata moto, betri ya maji kufungwa chumba cha kulala wakati inatoa hewa ya haidrojeni ikichaji. La pili, mauzo ambayo yasingefanyika kama mteja angejua unachokijua. Bosi akikutaka unyamaze ili mauzo yapite, umefika hapo.

Hiyo N100 ya stoo usiitupe wala usiiuze kabla ya kuipima. Iache ikiwa imetulia saa kadhaa, soma volti. 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 imeshuka robo, ikisoma 12.0 na imekaa hivyo kwa miezi, tayari imeumia. Ichaji ijae kabisa, iache ipumzike, kisha iwekee taa za gari za jumla ya wati 50. Betri nzima ya ampia-saa 100 inatakiwa iende kama saa 12 kabla ya kufika nusu. Ikianguka chini ya volti 11.5 ndani ya saa tatu au nne, si betri tena, ni risasi ya kuyeyusha. Ikipita, iuze kwa bei iliyopunguzwa, ukiandika tarehe ya kutengenezwa na matokeo ya kipimo. Na mwambie bosi betri za maji zilizo stoo zichajiwe kila baada ya miezi mitatu; hasara anayotaka kuihamishia kwa mama ilianzia kwenye rafu yake mwenyewe.

Mambo mawili zaidi, kwa ufupi, kwa sababu yatakukuta. Fundi akikuletea mteja, na duka likampa fundi chake, mteja anapaswa kujua. Cha juu kilichofichwa ndicho kinachofanya fundi apendekeze inveta kubwa pasipo haja. Weka gharama ya ufundi iwe mstari wake kwenye risiti, ijulikane. Na kwa mifumo ya lipa kidogo kidogo, taja jumla kabla ya kutaja ya kila siku. Tuseme kianzio ni 60,000 na 1,500 kwa siku kwa miaka miwili: hiyo ni 1,155,000. Mwambie pia mfumo unajifunga asipolipa, na muulize miezi ya kabla ya mavuno analipaje. Kwa mifumo hiyo midogo ya kifurushi, orodha ya VeraSol ya bidhaa zilizopimwa iko mtandaoni bure. Itafute modeli pamoja na mteja kwenye simu yako.

Na bosi. Usiende kwake na neno uadilifu, nenda na daftari. Kwa miezi mitatu andika kila mfumo unaouza: ulihesabu wati-saa ngapi, uliuza nini, umerudishwa au la, fundi alipanda mara ngapi kuurekebisha, nauli nani alilipa. Weka seti za bosi upande mmoja na zilizohesabiwa upande wa pili. Kisha omba sehemu ya kamisheni yako ilipwe siku ya 60, mteja akiwa hajarudi na malalamiko. Ombi hilo linamgharimu bosi sifuri, na likikubaliwa wauzaji wenzako nao wataanza kupima paneli. Likikataliwa, na ukalazimishwa kuandika "seti ya friji" kwenye risiti yenye jina lako, anza kutafuta duka lingine, na hadi utakapolipata usiandike neno friji kwenye risiti ya mfumo usioweza kuiendesha.